Watoto wanaposomeshwa Congo huko Marekani: yale Lubumbashi inajua

Katika shule za sekondari za Marekani, somo la fasihi lina desturi yake: mwalimu anawapa wanafunzi riwaya, wanaisoma nyumbani sura kwa sura, kisha wanajibu maswali kwa maandishi. Kazi hiyo ndiyo watoto wa Lubumbashi wanaita devwari. Kati ya vitabu ambavyo walimu wa huko hupangia madarasa ya juu, kimoja kinahusu Congo. Kinaitwa The Poisonwood Bible, kiliandikwa na Mmarekani Barbara Kingsolver, na kilitoka mwaka 1998.

Jambo hilo linagusa familia nyingi zilizotoka huku. Katika miaka ya karibuni Wakongomani wamekuwa kati ya makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Mtoto aliyekulia kambini Nyarugusu, Tanzania, au Meheba, Zambia, anaweza leo kuketi darasani huko na kupewa kitabu juu ya nchi ya wazazi wake. Wenzake wanamgeukia kana kwamba yeye ni shahidi. Jioni anawauliza papa na mama: haya yaliyoandikwa ni kweli? Mzazi anayetaka kumjibu anahitaji historia, na sehemu nzito ya historia hiyo ilitendeka Lubumbashi, wakati mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville.

Kitabu kinasema nini

Riwaya inasimulia habari za mhubiri Mbatisti, Nathan Price, anayetoka jimbo la Georgia mwaka 1959 pamoja na mke wake na mabinti wanne. Wanakwenda kuishi Kilanga, kijiji cha kubuniwa upande wa Kwilu, magharibi ya nchi. Mhubiri hataki kusikiliza watu wa kijiji, wala hajali kujifunza lugha yao vizuri. Anapohubiri kwamba Yesu ni wa thamani, anakosea kutamka, na watu wanasikia kwamba Yesu ni mti wenye sumu. Kichwa cha kitabu kinatoka hapo. Mama na mabinti ndio wanaosimulia, na kila mmoja anaona Congo kwa macho yake.

Mwandishi aliishi Congo kwa muda akiwa mtoto mdogo, baba yake alipokuja kufanya kazi ya udaktari. Lakini wakati wa kuandika hakuweza kuingia Zaire ya Mobutu, akategemea vitabu, kumbukumbu na safari katika nchi zingine za Afrika. Ndiyo sababu msomaji wa Katanga anatambua mambo mengi ya kweli ndani yake, ila jimbo lake mwenyewe analisikia kwa mbali, kama habari ya redioni.

Usiku wa tarehe 17 Januari 1961

Swali ambalo mwanafunzi hawezi kulikwepa ni hili: nani alimuua Patrice Lumumba? Katika riwaya, mkono wa Marekani unaonekana wazi, na rubani mmoja mzungu anashiriki katika njama. Mwandishi hakubuni njama hiyo. Mwaka 1975 tume ya Seneti ya Marekani, iliyoongozwa na seneta Frank Church, ilithibitisha kwamba shirika la ujasusi CIA lilipanga kumuua Lumumba, na kwamba sumu ililetwa hadi Léopoldville mwaka 1960. Tume hiyo hiyo haikupata ushahidi kwamba CIA ndiyo iliyomuua. Sumu haikutumika.

Yaliyotokea mwishoni yalitokea hapa. Ikumbukwe kwamba uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza Katanga kuwa nchi ya pekee. Mwezi wa Septemba Lumumba aliondolewa madarakani, na kabla ya mwaka kwisha alikamatwa na kufungwa Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu. Tarehe 17 Januari 1961 alisafirishwa kwa ndege pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa vibaya njiani. Walishushwa kwenye uwanja wa Luano, wakapelekwa katika nyumba ya Mbelgiji aliyeitwa Brouwez, si mbali na uwanja huo, na huko mateso yakaendelea.

Karibu saa nne ya usiku walipigwa risasi porini Shilatembo, kwenye barabara ya Likasi, yapata kilometa 50 kutoka mjini. Waliofyatua bunduki walikuwa askari na polisi wa Katanga, chini ya amri ya ofisa Mbelgiji, na mawaziri wa Katanga wakiwa hapo. Baadaye miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi. Gérard Soete, polisi Mbelgiji aliyefanya kazi hiyo, alibaki na meno. Wananchi hawakuambiwa kwamba wamekufa mpaka tarehe 13 Februari, serikali ya Katanga ilipotangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo, na wanakijiji wasio na hatia walisingiziwa mbele ya dunia nzima.

Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba nchi hiyo ina lawama ya kimaadili katika kifo hicho. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji ulirudisha jino moja kwa familia. Sanduku lenye jino hilo lilipitishwa Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Kwa hiyo jibu la devwari lina ngazi tatu: Marekani ilipanga kumuua, Wabelgiji walisaidia na kusimamia, na viongozi Wakongomani walimtoa na kumpokea ili afe. Mwanafunzi anayeandika ngazi moja tu amejibu nusu. Ngazi ya tatu ndiyo inayouma zaidi nyumbani, kwa sababu inagusa majina ambayo bado yana watoto na wajukuu mjini.

Yale yasiyopata nafasi kitabuni

Kuna mambo mawili ambayo mzazi kutoka Katanga anaweza kuongeza. La kwanza ni Shinkolobwe, karibu na Likasi. Uranium ya mgodi huo, uliokuwa wa Union Minière, ilinunuliwa na Marekani wakati wa vita na kutumika katika kazi ya kutengeneza bomu la atomu, lile lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Marekani iliijua Katanga mapema, kabla ya wanafunzi wake kuanza kusoma riwaya juu ya Congo.

La pili ni kambi ya Baluba. Kuanzia mwisho wa Agosti 1961, makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Baluba wa Katanga na wa Kasai, walikimbilia karibu na askari wa ONU hapo hapo Elisabethville, wakiogopa gendarmerie ya Tshombe. Walijenga vibanda kwa mabati, magunia na majani. Walikuwa wakimbizi ndani ya mji wao wenyewe, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumba walizoziacha. Mwaka 1962 ONU iliwasafirisha wengi kuelekea Kasai na kaskazini ya Katanga. Miaka 30 baadaye, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa tena Shaba, wengi wakisubiri treni kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi kwa majuma mengi. Familia iliyopitia mambo hayo haihitaji riwaya kuelewa maana ya kuhamishwa.

Wamarekani wengine walioandika

Kingsolver hakuwa wa kwanza. Mwaka 1905 Mark Twain aliandika kijitabu cha kumkejeli Leopold II kwa sababu ya ukatili wa mpira. Mshairi mweusi Langston Hughes aliandika shairi juu ya kaburi la Lumumba, lililotoka katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1967. Maya Angelou naye alikuwa kati ya Wamarekani weusi walioandaa maandamano ndani ya jengo la ONU, New York, tarehe 15 Februari 1961, na alisimulia siku hiyo katika kitabu cha maisha yake. Kwa watu hao, kilichotendeka karibu na Elisabethville kilikuwa habari ya ndugu.

Vitabu vya kwetu

Mtoto aliye na devwari asibaki na sauti za wageni peke yake. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville katika Kiswahili cha mji wenyewe, kwa niaba ya chama cha maboyi, watu waliofanya kazi katika nyumba za wazungu. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1990 na profesa Johannes Fabian, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Fabian historia ya nchi katika picha 101, akieleza kila moja kwa Kiswahili. Kifo cha Lumumba kimo, pamoja na misalaba mitatu. Na V.Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha chuo kikuu Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani, alichapisha mwaka 1988 kitabu The Invention of Africa, kinachochunguza jinsi wageni walivyojitengenezea Afrika katika maandishi yao. Alifariki mwaka 2025.

Vitabu hivi vipo kwa Kiingereza, na mwalimu wa Marekani anaweza kuvikubali kama ushahidi. Lakini kuna ushahidi mwingine ambao hauko katika maktaba yoyote: nkambo aliyelala kambini mwaka 1961, shangazi aliyesubiri treni Likasi mwaka 1993. Mtoto akiwapigia simu jioni hii, akauliza tarehe, majina na njia waliyopita, na kuandika yote katika daftari, kesho darasani atakuwa na la kusema. Wazee hao wanazidi kupungua, na devwari ni sababu nzuri ya kuwauliza wakati bado wapo.