Safari ya chuo kikuu huanzia kidato cha tano

Mwanafunzi wa Tanzania anayesubiri matokeo ya kidato cha sita ndipo aanze kujiandaa kwa chuo kikuu, huwa amechelewa. Maandalizi hayo yanapaswa kuanza miaka miwili kabla.

Jambo la kwanza ni masomo. Tahasusi ya kidato cha tano hufungua baadhi ya milango na kufunga mingine: asiyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia hana nafasi katika udaktari wa binadamu. Kwa shahada nyingi, kiwango cha chini ni kufaulu masomo mawili yanayohusiana na kozi, kwa jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni 1. Sifa za kila kozi zimo katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Tangu 2017, maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni.

Jambo la pili ni nyaraka. Kupata chuo si kupata mkopo; Bodi ya Mikopo (HESLB) huombwa kivyake. Cheti cha kuzaliwa cha Tanzania Bara huhakikiwa na RITA, na yatima huhitaji pia cheti cha kifo cha mzazi. Majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yarekebishwe mapema, kwani dirisha la maombi likifungwa, ufaulu mzuri pekee hautalipa ada.