Ushahidi wa Taa ya Injini

Tarehe 26 Julai, 1943, mji wa Los Angeles huko Marekani ulifunikwa na utusitusi uliowasha macho na kukereketa koo, hata baadhi ya wakaazi wakadhani kwamba Wajapani wamewarushia gesi ya sumu, kwa kuwa vita vilikuwa vingali vikipiganwa. Miaka kadhaa ilipita kabla ya kujulikana kwamba sehemu kubwa ya sumu ile ilitoka katika motokaa zao wenyewe. Aliyelibainisha jambo hilo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni Arie Haagen-Smit, bingwa wa kemia mzaliwa wa Uholanzi, ambaye hapo kabla alikuwa akishughulika na harufu ya nanasi.

Habari hii yapasa kutangulizwa, maana wengi hudhani kwamba alama za hitilafu, yaani zile herufi na tarakimu zisomwazo kwa mashine taa ya injini iwakapo, zilibuniwa ili kumrahisishia fundi kazi. Sivyo. Zilizaliwa na sheria za hewa. California iliunda halmashauri ya kulinda hewa mwaka 1967, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa Haagen-Smit huyo huyo. Masharti ya moshi yakazidi kukazwa hata kabureta peke yake isiweze kuyatimiza. Ndipo kompyuta ndogo ikatiwa garini ili isimamie mchanganyiko wa petroli na hewa. Katika motokaa za General Motors za mwaka 1981 fundi aliunganisha ncha mbili za umeme kwa kipande cha waya, kisha akakaa kuhesabu mimweko ya taa: mmoja, kimya kidogo, halafu miwili; hiyo ndiyo 12. Lakini kila kampuni ilikuwa na hesabu yake, na aliyejua ya huyu hakujua ya yule. California ikalazimisha uchunguzi wa namna hii katika magari mapya ya 1988, na kufikia 1996 magari yote mapya ya abiria yaliyouzwa Marekani yalikuwa na tundu moja la pini 16 na lugha moja.

Tazama alama P0171. Herufi P ni ya injini na mitambo ya kuliendesha gari. 0 inayofuata yaonyesha kwamba alama hiyo ni ya kampuni zote. Zilizobaki zataja penye hitilafu. Maana yake ni kwamba kompyuta imeona hewa nyingi kuliko petroli katika upande wa kwanza wa injini. Haisemi kwa nini. Huenda mpira wa hewa umepasuka, au kipima hewa kimechafuka, au pampu ya petroli imechoka. Fundi mwenye pupa hununua kihisio cha oksijeni, kumbe hicho ndicho shahidi aliyesema kweli. Mwenye gari hulipa, na baada ya siku mbili taa huwaka tena. Kuna hata alama, P0457, iwezayo kuletwa na kifuniko cha tangi kisichokazwa, kwani mvuke wa petroli nao huchafua hewa. Fundi stadi husoma kwanza hali ya injini iliyohifadhiwa pamoja na alama, akapima shinikizo la petroli, akatafuta penye kuvuja, ndipo akafungua spana. Anayeanza kwa kuifuta alama huufuta na ushahidi huo.

Aidha palizuka ugomvi juu ya nani aruhusiwe kusoma. Sheria ya hewa ya Marekani iliyorekebishwa mwaka 1990 iliwaagiza watengenezaji wawape mafundi wa nje maarifa ya kutengeneza mitambo ya moshi. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts walidai zaidi, maarifa ya gari zima. Lakini magari yakaanza kupeleka habari zake kwa kampuni kwa njia ya hewani, bila kupitia lile tundu. Mwezi wa Novemba, 2020, wananchi hao wakapiga kura tena, wakitaka habari hizo nazo zimfikie fundi wa mtaani. Na kabla ya mwezi kwisha watengenezaji walikuwa wamekwisha fungua kesi mahakamani.