Hodi ya Mashine: Historia Fupi ya Mabawabu wa Maandishi

Katika nyumba za Waswahili, tangu kale, mgeni hasukumi mlango. Hupiga hodi, akangoja, na huingia aitikiwapo "Karibu". Akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka. Desturi hii haikuishia pwani. Iliifuata lugha hadi bara, ikapita Ujiji, ikafika Buyenzi na mitaa mingine ya Bujumbura, kama Buterere iliyo kaskazini mwa mji huo. Ndani ya desturi hii fupi mna mambo mawili: kwamba anayeita ni mtu, na kwamba mwenye nyumba ana haki ya kutomwitikia. Katika makala haya tutatazama jinsi mambo hayo mawili yalivyoingia mashakani tangu mashine zianze kupiga hodi, na kwa nini habari hiyo yatuhusu sisi walimu wa Kiswahili.

Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtangazaji wa bidhaa za kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo moja kwa mpigo katika mtandao wa ARPANET. Hakuna aliyeliomba, na wengi walikasirika. Lakini siri ilikwisha kufichuka: kumfikia mtu wa mia nne hakukuwa na gharama kubwa kuliko kumfikia wa kwanza. Mpiga mbiu wa zamani alichoka miguu na kukaukiwa na sauti, na uchovu wake ndio uliokuwa kinga ya masikio ya watu. Mashine haichoki. Hiyo ndiyo asili ya gharika ya ujumbe usioombwa tuionayo leo.

Kinga ya kwanza tutakayoitaja yafanana sana na hekima ya wahenga wetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1992, Cynthia Dwork na Moni Naor walishauri kwamba kila kompyuta itakayo kupeleka barua ilazimishwe kwanza kufanya hesabu ngumu kiasi. Mwaka 1997 Adam Back alitoa mpango wake wa namna hiyo, akauita Hashcash. Kwa mwandishi wa barua moja, kazi hiyo haionekani. Kwa mpelekaji wa barua milioni moja, ni mzigo mzito. Fikira ilikuwa njema, ila waharibifu walijua kuziteka kompyuta za watu wengine bila wenyewe kutambua. Basi jembe likashikwa na asiyekuwa mgeni wala mwenyeji.

Kinga ya pili ni swali. Tayari mwaka 1950 Alan Turing alikuwa ameuliza kama mashine yaweza kujibu hata isitofautishwe na binadamu. Mwaka 1997, Andrei Broder na wenzake wa AltaVista waliligeuza fumbo hilo kuwa bawabu. Mashine zilikuwa zikiwapelekea anwani za kurasa kwa maelfu ili kuzipandisha cheo katika orodha yao. Wao wakadai kila apelekaye asome kwanza herufi zilizopindwapindwa. Mtu alizisoma, mashine ikashindwa. Katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Manuel Blum na mwanafunzi wake Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, waliliendeleza jambo hilo pamoja na wenzao kuanzia mwaka 2000, nalo likajulikana kwa jina la CAPTCHA. Mwaka 2007 von Ahn na wenzake wakaanza kuwaonyesha watu maneno ya vitabu na magazeti ya kale ambayo mashine hazikuweza kuyasoma. Hivyo aliyebisha mlangoni aliisaidia mashine kusoma bila ya kujua.

Kinga ya tatu ni sheria. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007, Kenya ilitoa mwaka 2012 mwongozo wa kuzuia ujumbe mbaya wa kisiasa upelekwao kwa wingi katika simu. Nayo Tanzania, katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliuhesabu ujumbe usioombwa miongoni mwa makosa. Hata hivyo sheria humkamata mwenye jina, na aliye nyuma ya mashine mara nyingi hana jina, tena yu ng'ambo ya bahari.

Sasa na turudi Buterere. Kijana wa huko afunguapo ukurasa kwa simu yake, huenda akaambiwa athibitishe kuwa yeye ni mtu kwa kuchagua picha zenye bomba la zimamoto la mitaa ya Marekani, chombo ambacho pengine hajapata kukiona maishani mwake. Akikosea, huhesabiwa mashine. Lakini mwaka 2024 watafiti wa ETH Zürich walionyesha programu iliyofaulu majaribio hayo ya picha kila mara. Hapa ndipo penye uchungu: bawabu humzuia mtu na kumpisha mwigaji, kwa sababu hakupima utu, alipima mazoea ya nchi moja.

Wako waliotumia dawa nyingine, yaani swali la wenyeji. Muulize mgeni: "Tukisema saa tatu asubuhi, saa ya Kizungu yaonyesha ngapi?" Mtoto wa Buterere atajibu tisa bila kufikiri, maana Kirundi nacho huhesabu saa hivyo hivyo. Kwa muda mrefu mashine zililikwama swali la namna hiyo. Leo, kwa kuwa programu zimelishwa maandishi ya lugha nyingi, hata lango hilo limelegea.

Historia hii yatufunza kwamba hakuna kufuli la kudumu. Bawabu wa mwisho ni msomaji mwenyewe. Basi tunapowafundisha wanafunzi wetu ufahamu, tusitosheke na kuuliza "Mwandishi amesema nini?" Tuwazoeze kuuliza pia: Nani apiga hodi? Ataka nini? Je, yu tayari kungoja jibu? Asiyengoja kuitikiwa, hata akiwa na ufasaha wa malenga, hana haki ya kukaribishwa.