Kufuli la Bweni na Utulivu wa Moyo



Katika taarifa ya mwaka huu tumeona yatupasa kukumbushana historia ya mabweni ya shule zetu, kwa kuwa mafunzo yake yamelipiwa kwa roho za watoto.

Hapo zamani, mzazi aliyempeleka mwanawe shule ya bweni alifarijika kuona vyuma madirishani na kufuli mlangoni. Vyamzuia mwizi asiingie, na mtoto asitoroke. Mwaka 1991, usiku wa tarehe 13 Julai, wavulana wa shule ya St. Kizito, Meru, waliwavamia wasichana wenzao bwenini, na wasichana 19 wakafa. Baada ya hayo, nani angemlaumu mzazi aliyetaka kufuli kubwa zaidi?

Lakini tarehe 25 Machi 1998 moto ulishika bweni la wasichana wa Bombolulu, huko Pwani. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Wasichana 26 walikufa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 waliangamia Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa kwa makusudi. Huko nako, mlango mmoja ulikuwa na kufuli. Kinga imegeuka mtego.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo: mlango wa bweni ufunguke kwa nje, usitiwe kufuli watoto wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo, Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni huko Endarasha, Nyeri.

Waliokufa tumewahesabu, waliookoka hatukuwahesabu. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto aliyeponea moto huweza kutetemeka kwa moshi wa jikoni tu, na mlio wa kufuli ukamnyima usingizi. Masomo yake yakidhoofika, twamwita mvivu, na wengine hutamani fimbo, ijapokuwa ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Ukali hauponyi hofu, huifukia tu.

Kwa hiyo twawasihi, wazee wetu: mnapozuru shule, msiishie kuusifu ukuta na bawabu wa langoni. Sukumeni mlango wa bweni, mwone kama wafunguka. Kisha mwulizeni mtoto kama moyo wake hutulia alalapo humo. Naye akianza kujibu, msimkatize.