Dodoma: mwenye ramani na mwenye mfuko

Kizota, Jumapili usiku

Niwieni radhi nimepotea, majaribio yalinikaba na bumu limeshakata, nimehamia kwa mjomba huku Kizota nile ugali wa bure. Leo asubuhi kanikokota kwenye mkutano wa mtaa. Ajenda ilikuwa moja tu, mtaro. Mvua za Dodoma mnazijua, hazinyeshi, halafu siku zikinyesha zinanyesha za mwaka mzima. Mama mmoja akasimama akauliza, hivi mji uliochorewa ramani tangu enzi za Mwalimu unakosaje mtaro? Watu wakacheka. Mjomba kaninong'oneza: "Ramani ilikuwepo mjomba, ila aliyekuwa nayo siye aliyekuwa na mfuko."

Mimi nasoma historia, na hiyo sentensi imenikosesha usingizi. Nimerudi chumbani nikafukua notisi zangu zote, na naona mzee kasema kweli kuliko hata alivyokusudia.

Tuanze 1973. TANU iliwauliza wanachama wake kuhusu kuhamia Dodoma, matawi 1,859 yakapiga kura, 1,017 yakakubali na 842 yakakataa (wengi mnadhani wote waliitikia ndiyo mzee!). Oktoba uamuzi ukatangazwa, makadirio yakawa paundi milioni 186 na muda miaka 10. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, akakabidhiwa George Kahama. Mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ikaleta Mpango Kabambe. Ukiusoma utashangaa. Hawakuchora maghorofa. Walichora mji wa makazi yaliyo kama vijiji vilivyoungana, njia za mabasi peke yake, njia za waenda kwa miguu na baiskeli, miti kila mahali. Ujamaa umewekwa kwenye karatasi ya michoro. Watu wa mipango miji nchi za nje wanauandikia makala mpaka kesho.

Sasa angalieni kalenda, maana hapa ndo penye kisa. Kati ya 1972 na 1974 serikali ilizifuta serikali za mitaa nchi nzima, ule mpango wa Madaraka Mikoani. Kwa hiyo CDA inazaliwa, halmashauri ya mji inakufa. Mji unapangiwa miaka 20 mbele na wakati huohuo chombo cha kukusanya ushuru wa soko, kuzoa taka na kuangalia zahanati hakipo. Miji ilichakaa vibaya sana kipindi kile, mpaka mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji, na 1982 zikaja zile sheria kubwa za serikali za mitaa, pamoja na ile ya fedha, Namba 9. Halmashauri ya Dodoma iliporudi ikakuta kiti cha ardhi kimekaliwa.

Basi bwana, ikawa hivi kwa miaka karibu 40. CDA ina ardhi, inapima viwanja, inatoa kibali cha kujenga. Manispaa ina madiwani, shule za msingi, masoko na taka. Diwani anachaguliwa na watu wa kata yake lakini kiwanja cha kata yake kinaamuliwa kwingine. CDA nayo haina mpiga kura hata mmoja, inategemea fungu la Hazina na malipo ya viwanja. Na Hazina yenyewe ilikuwa na hali gani? Bei ya mafuta ilipanda 1973, njaa ikapiga 1974, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita ya Kagera 1978 hadi 1979. Miaka 10 ilipotimia 1983 wizara bado ziko Dar. Bunge lenyewe lilikuja kuweka makazi hapa 1996.

Mnaoishi kwa bumu mtanielewa. Bajeti ya halmashauri inaanza Julai mosi inaisha Juni 30. Inapewa ukomo kutoka juu, inajadiliwa na madiwani, halafu inasubiri fedha. Mtaro hauishi kwa kalenda hiyo. Mtaro, barabara, bomba, vinataka mtu wa kuweka kidogokidogo kila mwaka kwa miaka 20, na mwingine wa kuvitunza baada ya hapo. Kuwa na ramani ya miaka 20 na mfuko wa miezi 12 tayari ni kazi. Dodoma vilikuwa kwenye nyumba mbili tofauti.

Na mfuko wenyewe ulizidi kutobolewa. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa (wazee wa vijijini walishangilia, walikuwa wanakimbizwa porini na mgambo kwa ajili yake, siwalaumu hata kidogo). Serikali kuu ikaleta ruzuku ya kufidia, lakini ruzuku ni ya anayeitoa. Miundombinu mikubwa ikawa inasubiri mkopo. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ikaidhinisha Mradi wa Miji ya Kimkakati, dola milioni 163, kwa miji saba Dodoma ikiwemo. Barabara kadhaa za lami za mitaani unazopita leo ni mkopo huo.

Halafu Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia kweli. Tarehe 15 Mei 2017 akaivunja CDA, kazi zake zikaenda manispaa. Hati nazo, ambazo CDA ilikuwa inazitoa kwa miaka 33, zikaelekezwa ziwe za miaka 99. Aprili 26, 2018 manispaa ikawa jiji. Ramani na mfuko vikakutana nyumba moja, hatimaye!

Lakini ngojeni. Julai 2016 kodi ya majengo ilikuwa imeshapelekwa TRA. Julai 2017, miezi miwili tu baada ya CDA kuvunjwa, barabara za halmashauri zikahamia TARURA. Yaani halmashauri inapata ardhi, na barabara ya kwenda kwenye ardhi hiyo ni ya mwingine, na kodi ya nyumba itakayojengwa juu yake inakusanywa na mwingine. Tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda 1,500 mwaka 2023. Na anayenunua umeme ni nani? Mpangaji, yaani sisi.

Jiji likabaki na kitu kimoja kitamu, viwanja. Likauza. Mwaka wa fedha 2018/19 Dodoma ikashika nafasi ya kwanza kitaifa kwa makusanyo ya ndani, ikaipita mpaka miji ya Dar. Magazeti yalisifia na mimi nilisifia. Sasa hivi napata wasiwasi. Kiwanja kinauzwa mara moja. Ni kama mwanachuo auze laptopu alipe kodi ya chumba, mwezi huo mwenye nyumba atakuona wa maana, mwezi ujao je? Na kila kiwanja kilichouzwa pembeni ya mji kinakuja kudai maji, barabara na mtaro kwa miaka yote ijayo. Watu wa jiji hili walikuwa 410,956 mwaka 2012, sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Mpango Kabambe mpya upo, wa 2019 hadi 2039, safari hii wameuandaa Watanzania wenyewe. Mchoro ni mzuri. Mimi nilichotafuta kila ukurasa niliobahatika kuuona ni fedha ya matunzo itatoka mfuko upi.

Usiku huu mjomba kafungua sanduku la bati kanionyesha hati yake ya zamani, ya 1989, miaka 33. Ingekwisha 2022. Anasema alipoipata alipiga hesabu akaona atakuwa mzee, akaamua asijenge ghorofa, akajenga vyumba vinne na choo cha nje. Ya miaka 99 kaipata akiwa na mvi.

Mkutano wa asubuhi uliisha kwa kuandika mtaro kwenye vipaumbele vya mtaa kwa mwaka ujao wa fedha. Ni wa tatu kwenye orodha. Mjomba kahesabu, anasema hata mwaka jana ulikuwa wa tatu.

Kesho nina kipindi saa moja asubuhi, na daladala za kwenda Chimwaga mnazijua. Tchao.