Mwenyeji Alipomponya Mgeni: Rumphius na Mitishamba ya Ambon

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyonena wahenga, na kwa kauli hiyo watu wa pwani wamewapokea wageni walioletwa na kila pepo. Katika historia ya mitishamba, hata hivyo, methali hii aghalabu hutimia kinyumenyume: mgeni ndiye mgonjwa, na mwenyeji ndiye mwenye dawa. Kisa kinachodhihirisha hayo ni cha Georg Eberhard Rumphius, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1627, akaishi miaka 48 katika kisiwa cha Ambon, akapofukia huko, akafia huko, na akaacha kitabu kikubwa cha mimea ambacho wataalamu hawajaacha kukifunua hata leo.

Ambon ni kisiwa kimojawapo cha Maluku, mashariki ya Indonesia ya leo. Msomaji wa Unguja na Pemba hapaswi kukiona kuwa ni ugenini, kwani visiwa vya Maluku ndivyo asili ya mti uliojenga nyumba na kulipa mahari za wengi huku kwetu, yaani mkarafuu. Waholanzi waliitwaa Ambon kutoka kwa Wareno mwaka 1605, na Kampuni yao ya India Mashariki ikaazimia kuwa karafuu yote ya dunia ipite mikononi mwake. Ili bei isishuke, mikarafuu ilikatwa katika visiwa ambavyo Kampuni haikuweza kuvilinda kwa karibu, na kilimo chake kikafungiwa Ambon na visiwa jirani. Wenyeji hawakukubali kimya. Katika rasi ya Hoamoal, kisiwani Seram, vita vilivyoanza mwaka 1651 vilikwisha mwaka 1656 kwa mikarafuu kuangamizwa na watu kuhamishwa makwao kwa nguvu. Rumphius aliwasili Ambon mwaka 1654, vita vikiwa bado vinawaka, naye akiwa askari wa Kampuni hiyo hiyo.

Huo ndio mlango alioingilia, na si vyema kuupaka rangi. Hakuja kama mwanafunzi wala kama rafiki. Alikuja upande wa wenye bunduki, katika kisiwa ambacho mti mmoja wa dawa na kiungo ulikuwa umewaletea watu wake maafa. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mtu huyo, baada ya kuvua uaskari na kuwa karani na mfanyabiashara wa Kampuni, alianza kujifunza kuishi na mimea kama wenyeji walivyoishi nayo.

Alipelekwa pwani ya kaskazini ya kisiwa, upande wa Hitu, akakaa Larike na kisha Hila. Huko kulikuwa na vijiji vya Waislamu, watu wa bahari na wa mashamba, waliosema lugha zao za nyumbani na Kimalei cha biashara, lugha ambayo kama Kiswahili ilitembea na majahazi na kuandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wazungu wa Kampuni waliougua huko walitegemea makasha ya dawa yaliyotoka Uholanzi, na safari ile ya miezi mingi katika joto na unyevu iliziharibu dawa nyingi kabla hazijafika. Wakati huo huo dawa mbichi zilikuwa zimeota nyuma ya nyumba. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa adabu.

Rumphius aliuliza. Mpangilio wa kitabu chake unaonyesha aliulizaje. Kila mmea anaueleza umbo lake, kisha anataja majina yake, kisha mahali unapoota, kisha matumizi yake. Majina hayakuwa ya Kilatini peke yake. Yamo ya Kimalei na ya lugha za Ambon, na mara nyingi ya watu wengine wa bahari ile. Yamkini msomaji wa haraka ataona kuwa hayo ni mapambo tu. Lakini mwenye kuijua mitishamba anafahamu kuwa jina ni nusu ya dawa. Jina husema mmea unafanana na nini, unachukiwa na nani, unatibu nini. Watu wa pwani yetu walipouita mti mchungu uliotoka Bara Hindi mwarobaini, kwa imani kuwa unatibu maradhi arobaini, walikuwa wameshaandika kitabu kizima katika neno moja.

Kazi yake ilikuwa imekwisha kushika kasi msiba wa kwanza ulipomfika. Mwaka 1670, akiwa na umri wa miaka 42, Rumphius alipofuka. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuangalia majani, ungedhani kuwa mambo yamekwisha. Hayakwisha. Alihamia mji wa Ambon, Kampuni ikamwachia mshahara, na wasaidizi wakawa macho yake. Aliletewa jani akalipapasa, akalisugua baina ya vidole, akalinusa, akalionja, huku mwingine akimweleza rangi na mwingine akiandika anayotamka. Hapo awali alikuwa akiandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya. Alipokuwa kipofu, waandishi aliowapata hawakukijua Kilatini vya kutosha, basi akaanza upya kwa Kiholanzi.

Wako wanaolitaja jambo hilo kama hasara. Huenda lilikuwa heri. Macho huuona mmea kwa mbali, yakauhesabu na kupita. Mkono, pua na ulimi haviwezi kuujua mmea ila kwa kuukaribia. Hiyo ndiyo njia ya mkunga anayetambua mzizi gizani kwa harufu yake, na ya bibi anayechuma kivumbasi alfajiri kabla ya umande kukauka bila kuhitaji taa. Upofu ulimlazimisha Rumphius kuijua mimea kwa njia waliyoijua waliomfundisha.

Miongoni mwa waliomfundisha na kumsaidia alikuwemo mkewe, Susanna. Tarehe 17 Februari 1674, jioni ya sherehe za Mwaka Mpya wa Kichina, ardhi ya Ambon ilitetemeka, na bahari ikapanda juu ya vijiji vya pwani ya Hitu. Zaidi ya watu 2,000 walipoteza maisha. Susanna na binti yao waliangukiwa na ukuta mjini wakafa. Rumphius aliandika taarifa ya tetemeko lile na ya mawimbi yake, na taarifa hiyo inahesabiwa miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo zilizo kamili za gharika ya namna hiyo katika bahari ile. Baadaye, alipofika katika kitabu chake kueleza ua moja jeupe la jamii ya okidi, alilipa jina la Susanna, akasema kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwenzake wa kwanza katika kutafuta mimea. Wanasayansi hawakulifuta jina hilo. Hata leo okidi ile huitwa Pecteilis susannae.

Misiba haikukoma hapo. Tarehe 11 Januari 1687 moto uliunguza mji wa Ambon, na michoro ya mimea iliyochukua miaka kuandaliwa ikateketea. Mwanawe, Paulus August, pamoja na wachoraji wengine wakaanza tena. Mwaka 1690 sehemu ya kwanza ya mswada ikatumwa Batavia, ambako leo ni Jakarta, ili ipelekwe Uholanzi. Johannes Camphuys, Gavana Mkuu wa Kampuni, alikuwa mpenzi wa elimu hiyo, akaamuru mswada unakiliwe kabla haujasafirishwa. Lau si busara hiyo, kitabu kingalipotea, maana mwaka 1692 merikebu iliyoubeba ilizamishwa na Wafaransa. Nakala ikatumwa tena, ikafika, na Kampuni ikaifungia. Iliogopa kuwa ndani yake mna siri za viungo ambazo washindani wake wangefaidi.

Rumphius alifariki mwaka 1702 bila ya kuiona kazi yake ikichapishwa. Ilichapishwa Amsterdam kuanzia mwaka 1741 hadi 1750 chini ya usimamizi wa Johannes Burman, kwa Kilatini na Kiholanzi sambamba, katika juzuu sita kubwa zenye maelezo ya mimea takriban 1,200. Mwaka 1754 mwanafunzi mmoja wa Linnaeus aliandika tasnifu kuhusu kitabu hicho, na majina mengi ya mimea ya mashariki yakaingia katika sayansi kupitia kurasa zake. Tafsiri kamili ya Kiingereza ilitoka mwaka 2011 kwa mkono wa E. M. Beekman, mfasiri aliyefariki mwaka 2008 kabla ya kuiona nayo ikichapishwa. Kitabu hiki kina desturi ya kuwatangulia kaburini wanaokipenda.

Mti wa kwanza kuelezwa ndani yake ni mnazi. Mbele kidogo utaukuta mkarafuu, ulioelezwa kwa kirefu, na utaukuta mtondoo ambao mafuta yake watu wa visiwa vyetu waliyajua. Mtu wa pwani akizisoma kurasa hizo atahisi kuwa anatembea katika shamba la jirani, majina yakiwa mageni na majani yakiwa ya nyumbani.

Je, elimu hiyo ina faida leo, au ni historia tu? Upo mfano mmoja wa kutosha. Rumphius aliandika kuwa watu wa Ambon walitumia kokwa za mti uitwao atun kuzuia kuhara. Mwaka 2006 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza jinsi walivyoupekua mswada ule wa kale, wakauchagua mti huo, wakapima dondoo la kokwa zake na kuona kuwa linaua baadhi ya bakteria. Maabara si mwili wa mgonjwa, na jaribio moja halifanyi dawa. Walakini lililothibitika si dogo: watu wa Ambon, wasiokuwa na darubini, walikuwa wameshaona jambo la kweli.

Na hapa ndipo penye deni. Jina la Rumphius limehifadhiwa, na la Susanna limehifadhiwa katika ua. Lakini ni nani aliyemwambia habari ya atun? Mara chache kitabu kinamtaja mwalimu wa Kiambon kwa jina lake. Aghalabu wanaosema ni “wenyeji”, neno lisilo na uso. Wanawake waliochemsha mizizi, wavuvi waliojua jani la kutuliza mwiba wa samaki, watumwa waliotumwa msituni kuchuma, wote wamekuwa umati. Kampuni ilichukua karafuu kwa mizani na daftari, kila ratili na mwenyewe. Maarifa yalichukuliwa bila ya daftari.

Historia ya mkarafuu wenyewe haina tofauti. Mwaka 1770 Pierre Poivre, Mfaransa, alifaulu kuipata miche ya karafuu kutoka Maluku na kuifikisha Mauritius, na ukiritimba wa Waholanzi ukaanza kupasuka. Kutoka visiwa vya Wafaransa mti huo ukaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenea Pemba, na baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani. Mti ulifika, lakini majina ya waliokuwa wakiutunza Maluku hayakufika, na mara hii pia waliopanda na kuchuma walikuwa watumwa wasioandikwa. Hata hivyo watu wa visiwa hivi wakaujenga udugu wao wenyewe na mti ule. Karafuu ikawekwa kwenye jino linalouma, ikatiwa katika chai ya mwenye baridi, ikachanganywa katika mafuta ya kuchulia. Hakuna gavana aliyeamuru hayo. Udugu na mmea haupandwi kwa amri. Huota pale mtu anaporudi kwenye mmea ule ule msimu baada ya msimu, akaujua unapochipua na unapougua, akajua kipimo chake na madhara yake, kisha akamrithisha mwingine.

Vitabu vya mimea yetu vipo. Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha kitabu cha mimea ya manufaa na mapambo ya Unguja na Pemba, na humo yamo majina ya Kiswahili. Kila jina kati ya hayo lilitoka kinywani mwa mtu. Mwenye kukisoma leo na aulize kinywa hicho kilikuwa cha nani.

Swali hilo lina jibu kwa walio hai. Katika kila kijiji cha Makunduchi au Micheweni, Lamu au Mafia, wapo wazee wanaolitambua jani kwa kulisugua tu. Wakienda, huenda jani likabaki, lakini litabaki jani tu. Anayetaka kujifunza kwao aende kama mwanafunzi, asende kama mkusanyaji. Akae, achume nao, apike nao nyungu, aonje uchungu wanaouonja. Na atakapokaa kuandika, juu ya jina la mmea na mahali unapoota na matumizi yake, aongeze mstari mmoja ambao Rumphius aliuandika kwa nadra: umefundishwa na fulani bin fulani, au fulani binti fulani, wa mahali fulani. Kwa mstari huo mgeni atakuwa amepona, na mwenyeji naye pia.