Kisauni na Wasomaji wa Hati za Kale

Avukaye kutoka kisiwani Mvita, yaani Mombasa, kwenda Kisauni, akaliacha daraja la Nyali nyuma yake na kufika Kengeleni, hupita mbele ya kengele kongwe asiulize habari zake. Ilhali hapo ndipo ulipokuwa mji wa Frere Town, uliojengwa na wamisionari Waingereza wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875 ili wapate makazi watumwa waliokombolewa majahazini baada ya mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Taarikhi hiyo imekwisha kuandikwa na wengi. Mimi nataka kuizungumza Kisauni kwa upande usiotajwa sana, nao ni upande wa hati na wasomaji wake.

Hata kabla ya Frere Town, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyejifunza Kiebrania tangu ujanani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Juni wa mwaka huo akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Kadhi na mmisionari kuketi pamoja juu ya sahifa za Taurati ni jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mnara wa ukumbusho wa Krapf mwenyewe. Mwezi uliofuata mkewe Rosine alifariki, akazikwa ng'ambo ya bara, katika pwani ya Kisauni. Kisha mwaka 1880 akaja mmisionari W. E. Taylor, aliyezikusanya tungo za mshairi wa Mombasa, Muyaka bin Haji, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye lau si yeye, nyingi katika hizo zingalipotea; na makaratasi hayo leo yamo London.

Hao wote ni wanaume, na msomaji ana haki kuuliza wanawake walikuwa wapi. Jibu nalianza mbali na Kisauni, kwa wasomaji wengine wa hati za kale. Mwaka 1896, katika mji wa Cambridge, Uingereza, dada wawili pacha, Agnes Smith Lewis na Margaret Dunlop Gibson, walimwonyesha mwanachuoni Solomon Schechter karatasi chakavu walizozinunua safarini Mashariki, naye akatambua kuwa mojawapo ni ya Ben Sira, kitabu cha hekima cha Mayahudi, kwa Kiebrania, ambacho kwa karne nyingi kilijulikana kwa tafsiri tu. Na kwa sababu hiyo Schechter alifunga safari hadi sinagogi la Ben Ezra mjini Cairo, akarudi na shehena kubwa ya hati. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Cambridge hakikuwapa wanawake shahada kamili mpaka 1948!

Katika mji huo huo alikuwa amesoma Alice Werner, aliyezaliwa Trieste mwaka 1859, akaja Afrika ya Mashariki baina ya 1911 na 1913, na hatimaye akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu mjini London kuanzia 1921 hadi 1930. Kazi yake ya kuzisoma hati za Kiswahili haikuwa nyepesi, kwa maana katika hati zetu za kale, zilizoandikwa kwa khati ya Kiarabu, herufi moja, yaani be, huweza kusimama mahali pa b, pa p, au pa mb, na asiyeijua lugha kwa sikio hupotea njia, kama apoteavyo mtu mbele ya Kiebrania cha kale kisichotiwa irabu. Mwaka 1917 aliuchapisha utenzi wa Mwana Kupona, ambao mama mmoja wa Pate alimtungia bintiye mwaka 1858. Na baina ya 1921 na 1923 akauchapisha Utendi wa Ayubu, kisa cha nabii yule yule ambaye Mayahudi wanacho kitabu chake kwa Kiebrania, na Kurani imemtaja, na washairi wa pwani wakamtungia beti kwa lahaja yao.

Sisemi kwamba Bibi Werner alikijua Kiswahili kumshinda Mwalimu Sikujua; hilo haliwezekani. Fadhila yake ni kwamba alizichapa beti zenyewe pamoja na tafsiri, nasi tukapata njia ya kuikagua kazi yake.

Chuo cha dini cha Frere Town kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na elimu ya vitabu vya kale ikaondoka Kisauni pamoja nacho. Lakini hati zenye khati ya Kiarabu hazikukoma kuwekwa majumbani. Ewe uliye na sanduku la marehemu babu huko Kisauni, Likoni au Changamwe, usiyachome makaratasi usiyoweza kuyasoma. Wape mabinti zako wafundishwe kuyasoma.